Speicherstadt, Hamburg: siku moja kwenye magodauni ya mifereji, tuanzie wapi?

Msafiri Mpole

Wakuu, salaam.

Katikati ya mwezi wa kumi tutapita Hamburg siku moja. Treni inaingia saa tatu asubuhi, nyingine inaondoka saa tatu usiku. Tuko wanne, na mmoja wetu ni mama mwenye magoti mabovu. Anatembea, ila ngazi na barabara za mawe humchosha upesi.

Tunachokifuata ni Speicherstadt, ule mtaa wa magodauni ya matofali mekundu yaliyosimama majini. Nimesoma mengi na bado nina maswali.

Matangazo ya boti za kuingia ndani ya mifereji yanasema safari "hutegemea maji". Yaani nini? Nikilipa mapema, naweza kufika nikaambiwa leo hakuna?

Ile picha ya jengo dogo lenye mnara, maji kushoto na kulia, inapigiwa wapi na saa ngapi?

Magodauni yenyewe yanaingilika, au ni kutazama kuta tu? Na kama kuna nafasi ya makumbusho moja tu, ipi?

Orodha za "vivutio kumi" ninazo za kutosha. Nataka mpangilio unaowezekana tukiwa na mama.

---

Bamvua na Maji Mafu

Msafiri, kabla hujafungua ramani, fungua jedwali la maji. Hilo ndilo litakalopanga siku yenu, mengine yote yafuate.

Hamburg iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, lakini mto Elbe pale mjini unajaa na kupwa kama bahari. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye kipimo cha St. Pauli ni karibu mita 3.7. Wa pwani mtaelewa haraka: ni kama maji ya bamvua, na kule yapo karibu kila siku.

Mifereji ya Speicherstadt huitwa Fleet, na imeungana na mto bila mlango wowote wa kuzuia maji. Yakipwa, ile midogo hubaki na matope na kijito cha katikati. Boti ikiingia hukwama. Yakijaa sana, hasa siku za bamvua au upepo ukivuma kwa nguvu kutoka kaskazini-magharibi, maji hayana tatizo ila madaraja ndiyo yanakuwa chini mno, boti haipiti. Nafasi ya kuingia ni hapo katikati. Ndiyo maana ya "hutegemea maji", wala si ujanja wa wauza tiketi.

Jinsi ya kujua: tafuta jedwali la BSH, idara ya serikali ya Ujerumani inayoshughulika na mambo ya bahari, kituo cha Hamburg St. Pauli. Utaona HW na NW. HW ni kujaa, NW ni kupwa. Sasa zingatia kitu kimoja ambacho wageni hawakijui: kwenye Elbe maji hupanda kwa takribani saa tano na kushuka kwa takribani saa saba. Yanapanda mbio na kushuka taratibu, kwa hiyo nafasi yako baada ya kujaa ni ndefu kuliko kabla yake. Mimi huhesabu kuanzia saa mbili na nusu kabla ya HW mpaka saa tatu, tatu na nusu baada yake. Ni makadirio tu, neno la mwisho ni la nahodha siku hiyo.

Usikariri saa za jana. Kila siku HW inasogea mbele karibu dakika 50.

Na msichanganye saa. Jedwali linaandika 14.00, kwetu hiyo ni saa nane mchana. Halafu kuna majedwali ya kuchapwa yanayotumia saa za majira ya baridi mwaka mzima. Mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi Ujerumani bado iko kwenye saa za majira ya joto, hivyo jedwali la aina hiyo unaliongezea saa moja. Ukisahau, unafika gatini boti ikiwa imeshatoka mferejini.

Kuhusu kulipa mapema: soma maelezo. Kampuni nyingi, maji yakikataa, hukuzungusha bandarini kwenye meli za makontena badala ya mifereji, na tiketi yako inahesabika imetumika. Safari yenyewe huwa karibu saa moja. Mimi nasema nunua palepale kwenye gati za Landungsbrücken, na kabla ya kutoa pesa uliza hivi: "Fahren Sie jetzt durch die Speicherstadt?", yaani mnapita Speicherstadt sasa hivi? Akijibu "Niedrigwasser", maji yamepwa, rudi baadaye.

Chombo unachokitaka kinaitwa Barkasse: boti fupi, pana, paa la chini. Zile meli kubwa nyeupe za ghorofa mbili haziingii kwenye Fleet hata maji yawe mazuri vipi. Feri za usafiri wa umma za namba 62 na 72 nazo hazipiti humo.

Kwa mama: Landungsbrücken ni gati linaloelea. Maji yakijaa, vivuko vya kushukia vinakaribia kuwa tambarare. Yakipwa vinakuwa mteremko mkali, na kupanda kurudi ni kazi kwa mtu wa magoti. Sababu ya pili ya kufuata maji.

---

Tofali na Chokaa

Nitajibu la kuingilika au kutoingilika, ila kwanza namna ya kuyatazama, kwa sababu watu wengi wanapita barabarani, wanapiga picha ukuta, wanaondoka bila kuona lile jengo lilikuwa linafanya kazi gani.

Kila godauni lina nyuso mbili. Moja inatazama barabara, kwa mikokoteni na baadaye malori. Nyingine inatazama mfereji, kwa matishari. Simama upande wa maji, inua macho. Utaona milango imepangana wima, mmoja juu ya mwingine, ghorofa baada ya ghorofa, na juu kabisa, penye pembe ya paa, kibanda kimetokeza kimevikwa shaba iliyogeuka kijani. Ndani ya kibanda hicho kuna boriti na winchi. Tishari lilifunga chini, kamba ikashuka na kulabu, gunia likapanda mpaka usawa wa ghorofa yake, mtu akalivuta ndani kupitia mlango. Ghorofa zenyewe haziitwi ghorofa kule, huitwa Boden, yaani sakafu: sakafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiona mlango unafunguka hewani bila baraza wala ngazi, usishangae, haukuwa wa watu.

Winchi za mwanzo ziliendeshwa kwa nguvu ya maji yaliyosukumwa kwa mgandamizo kutoka nyumba ya mitambo ya mvuke. Nyumba hiyo, Kesselhaus, bado ipo Am Sandtorkai. Itambue kwa mabomba mawili ya moshi ambayo sasa ni mifupa ya chuma tu, kama michoro ya mabomba yaliyokuwepo. Na lile jengo la mnara unaloulizia, Wasserschloss, lilikuwa la mafundi wa winchi hizo. Watalii wanaliita kasri, kumbe ni karakana.

Mbona yote haya yalijengwa? Forodha. Hamburg ilikuwa nje ya umoja wa forodha wa Ujerumani, ikakubali mwaka 1881 kuingia, na ikaingia Oktoba 1888. Sharti lake lilikuwa ibakiwe na eneo huru la bandari ambamo kahawa, chai, kakao, tumbaku na viungo vingekaa bila kulipiwa ushuru mpaka vitakapovushwa mpaka. Ili kupata eneo hilo walibomoa mitaa ya Kehrwieder na Wandrahm na kuhamisha watu karibu 20,000. Mhandisi mkuu alikuwa Franz Andreas Meyer. Kaiser Wilhelm II akaja kufungua tarehe 29 Oktoba 1888, wakati sehemu kubwa bado haijajengwa. Ujenzi uliendelea mpaka miaka ya 1920. Mfereji wa kaskazini unaitwa Zollkanal, mfereji wa forodha, na ulikuwa mpaka kwa maana halisi. Eneo lilitolewa rasmi kwenye bandari huru mwaka 2003 tu.

Msingi ni maelfu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye matope. Hayaozi kwa sababu yamezama moja kwa moja na hewa haiyafikii. Kinachosumbua ni kuta za kando ya mfereji, maji yakienda na kurudi yanachimba chini yake, kwa hiyo kila mwaka kuna kipande kimefungwa kwa matengenezo. Ukikuta jukwaa la mafundi mbele ya jengo ulilolifuata, zunguka daraja linalofuata.

Halafu vita. Karibu nusu ya Speicherstadt iliharibiwa kwa mabomu. Msanifu Werner Kallmorgen aliijenga upya mpaka 1967, na ukijua cha kutafuta utaona mshono: upande mmoja minara, matao na matofali ya rangi yaliyopangwa kwa nakshi; jirani yake ukuta wa tofali lilelile, mtupu, madirisha kwa mstari. Wengi huyaruka hayo ya Kallmorgen wakidhani ni ofisi mpya. Binafsi nayaheshimu, alikataa kughushi uzee.

Sasa swali lako. Sehemu kubwa ya majengo leo ni ofisi, studio, wauza mazulia na makumbusho, hivyo huingii popote upendapo. Ukitaka kuona ndani ya godauni likiwa bado na sura ya godauni, nenda Speicherstadtmuseum, Am Sandtorkai 36, kwenye jengo la 1888. Ni dogo, saa moja na nusu inatosha. Tafuta kifaa kinachoitwa Probenstecher: mrija wa chuma wenye ncha, ukiuchoma kwenye gunia la kahawa na kuuinamisha, buni zinateremka mkononi bila kufungua gunia, ukiuchomoa, nyuzi za gunia zinajirudi zenyewe. Karibu yake utaona kulabu za mkono, mizani na mikokoteni ya magunia. Hapo utaelewa kazi ya Quartiersleute, wale mafundi wa maghala waliopokea, kupima, kuchagua na kutunza mali ya watu wengine. Hawakuwa makuli, mfanyabiashara aliamini pua na macho yao. Kampuni zao zilitumia jina la mkubwa wao na kuongeza "& Consorten", bado utaona maandishi ya namna hiyo.

Uliza habari za ngazi kabla ya kulipa, kwa ajili ya mama.

---

Lenzi Pana

Picha: Poggenmühlenbrücke. Unasimama katikati ya daraja, unatazama magharibi, Wasserschloss iko kwenye ncha ya ardhi, Holländischbrookfleet kushoto, Wandrahmsfleet kulia. Hakuna siri nyingine ya mahali, kila mtu anasimama hapo, na ukingo wa kusimamia si mrefu. Fika nusu saa kabla.

Saa: katikati ya Oktoba jua linazama karibu 18.20. Taa za majengo, mpango wa Michael Batz uliowashwa mara ya kwanza 2001, hushika vizuri kuanzia dakika kama 20 baada ya hapo, na una takribani dakika 25 kabla mbingu haijawa nyeusi. Nyeusi haifai, paa linapotea.

Mipangilio: ISO 100, f/8, sekunde 4 mpaka 10, lenzi ya 24 hadi 35 kwa kamera ya fremu kamili. Kinachoharibu picha nyingi pale ni mambo mawili. La kwanza, hilo daraja linapitisha magari. Likipita gari sakafu inatetemeka na mnara unatoka maradufu. Subiri barabara iwe tupu ndipo ubonyeze, na tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2. La pili, taa ni za njano, na kamera ikiachiwa ichague yenyewe matofali yanakuwa ya chungwa. Weka joto la rangi kwa mkono, karibu 3300 K. Kwa simu: iegemeze kwenye ukingo, hali ya usiku, usiishike.

Asubuhi nako kusidharauliwe. Jua linatoka nyuma yako na kupiga uso wa jengo, matofali yanakuwa mekundu kwelikweli na watu hakuna.

Ila mdau wa maji kasema kweli: maji yakiwa yamepwa hiyo picha haipo. Unapata kuta zenye ukoko wa kijani mita tatu na matope chini.

---

Tiketi ya Siku

Usafiri, kwa ufupi.

Mizigo acheni kwenye makabati ya stesheni kuu, Hauptbahnhof. Masanduku ya magurudumu kwenye mawe ya Speicherstadt ni adhabu. Kutoka Hauptbahnhof Süd chukueni U1, treni ya chini ya ardhi, vituo viwili, mnashuka Meßberg. Kabla ya kuvuka maji, tokeni upande wa Chilehaus na muone ile pembe kali kama omo ya meli. Ni jengo la Fritz Höger, 1922 mpaka 1924, matofali karibu milioni 4.8, na limo kwenye urithi wa dunia mmoja na Speicherstadt, ulioandikishwa na UNESCO mwaka 2015. Dakika kumi tu. Kisha daraja la miguu la Wandrahmsteg linawaingiza upande wa mashariki, na Poggenmühlenbrücke iko jirani.

Kutoka hapo endeleeni magharibi. Mtaa mzima una urefu wa kilomita moja na nusu tu, lakini ukivuka madaraja huku na huku inafika tatu. Mama akae upande wa njia za waenda kwa miguu zilizosawazishwa. Katikati ya barabara ndiko mawe yalikobaki, na mvua ikinyesha yanateleza. Mkimaliza upande wa Kehrwieder mnatokea Baumwall, kituo cha U3, vituo vinne kurudi stesheni kuu, au kimoja tu kwenda Landungsbrücken.

Chukueni tiketi ya siku ya HVV, mtandao wa usafiri wa umma wa Hamburg, ile ya kuanzia saa tatu asubuhi, 9-Uhr-Tageskarte. Inafaa treni, basi na hata feri 62 na 72. Dereva wa basi hapokei noti wala sarafu, nunueni kwenye mashine au kwenye programu ya simu.

Makumbusho: kama magoti ndiyo kigezo, Makumbusho ya Kimataifa ya Bahari ndani ya Kaispeicher B. Jengo la 1878–79, limeitangulia Speicherstadt yenyewe, na lina lifti. Pandeni juu kabisa kwanza, mshuke ghorofa kwa ghorofa. Makumbusho ya Forodha, Alter Wandrahm 16, hufungwa Jumatatu. Miniatur Wunderland, ile reli ndogo ya kipimo cha 1:87, msiifikirie bila kuweka nafasi ya saa maalumu mtandaoni, na inakula saa tatu nzima. Kwa siku moja ningeiacha. Najua nitapigwa mawe.

Halafu ukumbi wa Elbphilharmonie, nao umo ndani ya urithi huo huo, mtauona mwisho wa njia.

---

Tofali na Chokaa

Hapana, Tiketi, Elbphilharmonie haimo. Imekaa juu ya Kaispeicher A, godauni la Kallmorgen la miaka ya 1960, na iko HafenCity, mtaa mpya wa jirani upande wa kusini, nje ya mpaka wa urithi. Ilifunguliwa Januari 2017. Mpaka unauona kwa macho: barabara ya Am Sandtorkai, kaskazini tofali, kusini vioo. Na ukiangalia vizuri, kusini ardhi imeinuliwa mpaka mita 8 au 9 juu ya usawa wa bahari, wakati barabara za Speicherstadt ziko karibu mita 5. Speicherstadt iko nje ya tuta la kuzuia mafuriko.

---

Bamvua na Maji Mafu

Naam, na hilo la mita 5 lina maana kwa mtu wa Oktoba. Kujaa kwa kawaida ni kama mita 2.1 juu ya usawa wa bahari. Dhoruba ya tarehe 3 Januari 1976 ilifikisha 6.45, na ile ya Desemba 2013 ikafikisha 6.09. Fanyeni hesabu wenyewe barabara ilikuwa wapi. Msimu wa dhoruba huanza vuli. Ukiona neno Sturmflut, mafuriko ya dhoruba, kwenye taarifa za asubuhi, boti hakuna, na kutembea kwenu kuwe juu ya Kibbelsteg, lile daraja la miguu lililoinuliwa makusudi ili watu na zimamoto wapite barabara ikizama.

Siku ya upepo wa mashariki ni kinyume chake: maji yanasukumwa kutoka mtoni, jedwali linasema yapo, mfereji unasema hayapo.

---

Karafuu na Pembe

Naongeza kitu ambacho kinatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili na sijaona aliyekitaja. Kahawa, mpira, viungo: vilitoka wapi?

Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni ya meli iliyounganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, iliundwa Hamburg mwaka 1890, miaka miwili baada ya sherehe ya Kaiser. Tokeni Speicherstadt, vukeni Zollkanal kuelekea mjini, kama dakika kumi kwa mguu, mtafika Große Reichenstraße 27. Hapo pana Afrikahaus, jengo la kampuni ya meli na biashara ya Woermann, 1899, msanifu Martin Haller. Mlangoni amesimama askari wa Kiafrika wa shaba nyeusi na mkuki, na ukiingia uani utakutana na tembo wawili wakubwa. Ni jengo la ofisi, watu wanafanya kazi humo, kwa hiyo nendeni siku ya kazi, saa za kazi, na msizuie lango. Mwishoni mwa wiki mtamwona askari tu.

Na upande wa kusini, HafenCity, kuna Baakenhafen. Majeshi yaliyopelekwa Namibia ya leo katika vita vya 1904 mpaka 1908 yalipakiwa pale. Leo ni fleti mpya na bustani ya watoto.

Sisemi msipige picha Wasserschloss. Nasema tu kwamba Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki tangu 2010, na karibu kila bango utakalolisoma mtaani litakuambia kahawa ilipimwaje, si ilichumwaje.

---

Tofali na Chokaa

Haki yako, Karafuu. Nilieleza winchi, nikasahau gunia.

---

Msafiri Mpole

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Nimeingia kwenye jedwali. Siku yetu kujaa ni 10.50 na kupwa ni 18.05. Nimekwama hapo: picha ya jioni ndiyo niliyoiota, na jioni ndiyo maji hakuna. Nibadilishe tarehe?

---

Bamvua na Maji Mafu

Usibadilishe, hiyo ni siku nzuri, ila igeuze kichwa chini. Kwanza hakikisha hilo jedwali liko kwenye saa za majira ya joto.

Saa tatu mnaweka mizigo, saa tatu na nusu mko Meßberg. Chilehaus iacheni mpaka mchana, haina maji ya kupwa. Saa nne kasorobo mko Poggenmühlenbrücke: ni saa moja hivi kabla ya HW, mfereji umejaa na jua liko nyuma yenu. Piga picha yako. Msizidishe nusu saa. Rudini Meßberg, U1 mpaka stesheni kuu, U3 mpaka Landungsbrücken. Saa tano na robo mko gatini, vivuko vimelala, mama anashuka bila shida. Boti ya kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba, yoyote. Kama ni siku ya bamvua na wakasema madaraja yako chini, subirini saa moja, maji yanaanza kushuka yenyewe. Kunyweni chai palepale.

Dirisha lenu linafungwa karibu saa nane mchana. Mkiboronga treni, bado mna akiba.

---

Tiketi ya Siku

Na kutoka Landungsbrücken msirudi kwa U-Bahn. Pandeni feri 72, inawashusha Elbphilharmonie, mama amekaa muda wote. Kisha Mahatma-Gandhi-Brücke, na tayari mko Am Sandtorkai. Chakula, makumbusho moja mpaka saa kumi, Afrikahaus kabla ofisi hazijafungwa, kisha Chilehaus ambayo mwanga wa mchana hauidhuru. Sahihisho la Tofali nimelipokea.

---

Lenzi Pana

Jioni usiende Poggenmühlenbrücke, utalia. Zollkanal ni mpana na una kina kuliko Fleet za ndani, haubaki matope matupu. Simama upande wa mji, ng'ambo ya magodauni, kati ya Kornhausbrücke na Brooksbrücke, saa 18.40. Unapata safu nzima ya magodauni na taa zake kwenye maji. Hapo gari halikutetemeshi, miguu ya kamera iko kwenye ardhi. Lenzi ya 50 inatosha.

Ukitaka kitu kingine, jukwaa la Elbphilharmonie, mita 37 juu. Tiketi ya papo hapo ni bure, ngazi ya umeme ndefu iliyopinda inakupandisha, na lifti ipo kwa mama. Ila kutoka juu Speicherstadt unaiona mapaa tu.

---

Msafiri Mpole

Zollkanal basi. Swali la mwisho, Lenzi: miguu ya kamera kule kando ya Zollkanal inaruhusiwa, au nitafukuzwa?

---

Lenzi Pana

Ni njia ya umma, kwa picha zako binafsi hakuna atakayekuuliza. Acha tu nafasi ya baiskeli. Njia za baiskeli Hamburg mara nyingi ziko juu ya kingo za waenda kwa miguu, zimetofautishwa kwa rangi ya tofali, na wapanda baiskeli wa jioni hawapungui mwendo.